Saa ambazo hadubini haioni kitu

Mwezi hauishi hapa visiwani Zanzibar bila kipaza sauti cha msikiti kutangaza kifo cha namna hii: fulani bin fulani amefariki ghafla usiku wa kuamkia leo, maziko ni baada ya sala ya adhuhuri. Barazani watu huulizana kama marehemu alikuwa akiumwa. Hapana, jana kasali Isha msikitini, kala, kalalamika kifua kinambana kidogo, kalala. Mmoja atasema presha. Mwengine atataja kijicho. Wa tatu, mwenye binti muuguzi, atasema huo ni moyo. Hakuna atakayejua kwa uhakika, maana maiti huzikwa siku ile ile, na uchunguzi wa maiti ni jambo ambalo familia nyingi hazitaki hata kulisikia.

Siandiki kuilaumu desturi hiyo. Nataka kusema jambo ambalo wengi hawalitarajii. Hata kama moyo wa marehemu ungefunguliwa, ukakatwa vipande vyembamba, ukatiwa rangi za maabara na kuwekwa chini ya hadubini mbele ya mtaalamu hodari, misuli yake ingeonekana mizima ikiwa alikufa ndani ya saa mbili tangu kifua kilipoanza kubana. Viini vya seli vipo. Mistari ya nyuzi ipo. Rangi ni ile ile ya moyo wa mtu aliyekufa kwa ajali ya barabarani. Mtaalamu angelazimika kuuacha msuli na kwenda kutafuta bonge la damu ndani ya mshipa, na pengine hata bonge asilikute.

Sasa, kama hadubini iliyopewa nyama yenyewe haioni kitu katika saa hizo, tusishangae kipimo cha damu au karatasi moja ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ikikosa kuona. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Katika shambulio la moyo, ushahidi na uokozi hupishana njiani: kadiri ushahidi unavyozidi kuwa wazi, ndivyo kinachoweza kuokolewa kinavyopungua. Anayengoja uhakika kamili ndipo atibu, ataupata, lakini ataupata pamoja na moyo uliokwisha kuharibika. Na sisi bado tumezoea kupima mara moja tu: umekuja, umepimwa, majibu mazuri, haya nenda nyumbani.

Tuone kinachotokea ndani. Moyo hulishwa na mishipa inayotambaa juu yake kwa nje, kisha matawi yake hupenya kuingia ndani ya ukuta. Kwa miaka mingi mafuta hujikusanya kwenye kuta za mishipa hiyo yakiwa yamefunikwa na utando. Siku utando unapopasuka, damu hukutana na mafuta yaliyokuwa yamefichika, na hapo huganda. Bonge linaweza kuziba mshipa kwa dakika chache. Mara nyingi uvimbe wa mafuta unaopasuka si ule mkubwa uliokuwa ukizuia damu siku zote, ndiyo maana mtu aliyevuta nyavu juzi bila kuhema anaweza kuanguka leo. Kabla ya karne ya ishirini madaktari wengi waliamini kwamba mshipa wa moyo ukiziba ghafla mtu hufa papo hapo. Ni James Herrick, daktari wa Chicago, aliyeandika mwaka 1912 kwamba mgonjwa anaweza kuishi, na kwamba ugonjwa wenyewe unaweza kutambuliwa naye akiwa hai.

Seli ya moyo haina akiba. Damu ikikatika, ndani ya sekunde chache huanza kutengeneza nishati bila oksijeni, kwa njia ya kubabaisha inayozalisha asidi. Dakika moja au mbili zikipita, sehemu hiyo ya ukuta inaacha kukaza. Kazi imesimama, lakini seli bado iko hai, na damu ikirudi wakati huo inaweza kupona kabisa. Kati ya dakika 20 na 40 ndipo seli za mwanzo huvuka mpaka. Utando wa nje unatoboka, kalsiamu inaingia kwa fujo, mitokondria, vinu vya nishati vya seli, inavimba, na protini zilizokuwa zimefungiwa ndani zinaanza kuvuja. Hadubini ya elektroni, ambayo haikai katika maabara ya hospitali ya kawaida, ingeyaona hayo. Hadubini tunayoijua sisi, ile inayotafuta vimelea vya malaria, haiyaoni.

Kifo hicho hakishuki kwenye ukuta wote kwa mpigo. Huanzia safu ya ndani kabisa, inayogusana na damu iliyomo kwenye chumba cha moyo, kwa sababu safu hiyo iko mbali na mishipa mikubwa na ndiyo inayobanwa zaidi na shinikizo. Kutoka hapo husogea kuelekea nje. Keith Reimer na Robert Jennings walilipima jambo hili kwa mbwa na kuchapisha mwaka 1977. Mshipa ulipozibwa kwa dakika 40 kisha ukafunguliwa, wastani wa asilimia 38 ya unene wa ukuta ulioathirika ulikuwa umekufa. Kwa saa 3, asilimia 57. Kwa saa 6, asilimia 71. Usipofunguliwa kabisa, asilimia 85. Binadamu si mbwa, na wapo wenye vijishipa vya pembeni vinavyoufikishia msuli damu kidogo na kuuchelewesha usife. Hata hivyo namba hizo zinaonesha wazi kwamba sehemu kubwa ya hasara hutokea mwanzoni kabisa, kabla mtu hajaamua hata kumwamsha jirani mwenye gari.

Wapemba wana mfano wa jambo hili mashambani mwao. Enzi za ukoloni mikarafuu iliandamwa na ugonjwa ambao watafiti waliuita kifo cha ghafla: mti wenye majani ya kijani unanyauka na kukauka kwa muda mfupi. Walipochimba, walikuta mizizi midogo inayonyonya maji imekwisha kufa kabla jani halijaonesha kitu. Ghafla ilikuwa ya majani.

Na majani ya moyo, tuseme, huchukua muda gani kunyauka? Kwa macho matupu, moyo uliopasuliwa ndani ya saa 4 za mwanzo hauna tofauti na mwengine. Upo ujanja mmoja wa maabara ya maiti. Vipande vya moyo huzamishwa kwenye kemikali ya tetrazoliamu, na sehemu iliyokuwa hai hugeuka nyekundu ya tofali kwa kuwa vimeng'enya vyake vimo ndani bado, ilhali sehemu iliyokufa hubaki hafifu kwa sababu vimeng'enya vimeshavuja. Lakini hata ujanja huo huhitaji saa 2 hadi 3 zipite. Kuanzia saa ya 4 hadi ya 12 hadubini ya kawaida ndipo inapoanza kuokota dalili: nyuzi zilizopindapinda kama mawimbi pembezoni mwa eneo, maji yaliyojaa kati ya nyuzi, damu iliyochuruzika hapa na pale, nyuzi zilizofyonza rangi nyekundu kupita kiasi. Ikifika saa ya 24 viini vimesinyaa na kuwa vyeusi, na seli nyeupe za damu zimeanza kumiminika. Siku ya 2 na ya 3 zimejaa tele, na viini vya seli za moyo vinatoweka.

Kisha huja seli walaji kusafisha mizoga, kuanzia siku ya 3 hadi ya 7 hivi. Niruhusiwe kusimama hapa kidogo. Huo ndio wakati ukuta wa moyo ni laini kuliko wakati wowote, kwa kuwa nyama iliyokufa inaondolewa na kovu halijashika. Moyo unaweza kupasuka siku hizo. Ni siku zile zile ambazo nyumbani watu wanasema mzee kapata nafuu, maumivu hana, na yeye mwenyewe anauliza nani amemwagilia migomba yake. Kovu gumu, jeupe, lisilokaza tena maisha yote, hukamilika baada ya miezi 2 hivi.

Hayo ni ya maiti. Kwa walio hai tuna vitu vitatu: maneno ya mgonjwa, umeme wa moyo, na damu.

Nianze na umeme. Mashine ya kuurekodi ilitokana na kazi ya Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hiyo. Bado ndiyo kipimo kinachowahi kuliko vyote, kwa kuwa hakingojei seli ife. Kinasoma seli inayoteseka. Mshipa mkubwa ukiziba kabisa, wimbi linaloitwa T linaweza kurefuka na kutanuka ndani ya dakika chache, kisha mstari wa ST unapanda. Karatasi kama hiyo ikimkuta mtu anayejua kuisoma, hakuna haja ya kungoja kitu kingine. Miongozo ya kimataifa inataka ECG ifanywe na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike mlangoni. Haisemi baada ya kukata kadi na kulipia dirishani.

Lakini ECG ya kwanza inaweza kutoka safi. Mshipa ulioziba nusu huenda usioneshe kitu, au ukaonesha mabadiliko madogo ambayo jicho lililochoka saa 9 za usiku litayapita. Bonge huganda na kuyeyuka na kuganda tena, na karatasi iliyochukuliwa katika dakika ya nafuu itasema uongo kwa dhati kabisa. Ukuta wa nyuma wa moyo hauonekani vizuri kwa mkao wa kawaida wa pande 12, hivyo vigusio lazima visogezwe hadi mgongoni. Upande wa kulia nao una mkao wake. Kwa hiyo dawa ya karatasi safi kwa mgonjwa ambaye bado anaumwa ni karatasi nyengine, baada ya dakika 15 hadi 30, na nyengine tena, katika saa ile ya kwanza. Gharama ya kurudia ni kipande cha karatasi na vibandiko vichache. Sijasikia hoja yoyote ya bajeti inayoweza kusimama mbele ya hilo.

Damu ina mtego zaidi, kwa sababu watu huiamini zaidi. Troponini ni protini ya ndani ya msuli wa moyo. Ili ionekane kwenye damu, seli lazima iumie, ivuje, na kilichovuja kisombwe hadi mkononi anapochomwa sindano. Hilo lina saa zake. Kwa vipimo vya kawaida, zikiwamo kadi za haraka, kiasi cha kuonekana hufikiwa saa 3 hadi 6 tangu maumivu yaanze. Kilele huja baada ya siku nzima au zaidi, na protini hubaki juu kwa wiki moja hadi mbili. Vipimo vipya vyenye hisia kali huona mapema zaidi, na kwa hivyo vinaruhusu kurudiwa baada ya saa 1 hadi 3 tu. Bado ni kurudia. Maelezo ya kimataifa ya shambulio la moyo yaliyotolewa mwaka 2018 yanataka troponini ionekane ikipanda au ikishuka, huku angalau kipimo kimoja kikiwa juu ya kiwango kinachovukwa na mtu mmoja tu kati ya 100 wenye afya, na pawepo ushahidi kwamba msuli umekosa damu. Kupanda hakuonekani kwa namba moja. Figo mbovu huipandisha troponini, maambukizi makali ya damu huipandisha pia, na hapo napo ni mwendo wa namba ndio unaosaidia kutenganisha.

Ndiyo maana majibu ya troponini yasiyoandikwa pembeni saa maumivu yalipoanza hayana maana. "Hasi" ya saa 1 na "hasi" ya saa 10 ni majibu mawili tofauti kabisa, ingawa kwenye fomu yanafanana herufi kwa herufi.

Tumchukulie mtu wa kubuni, mzee wa miaka 58 wa Konde, Pemba, mvutaji wa sigara, mwenye presha anayokunywa dawa zake akikumbuka. Ni Ramadhani. Kafuturu vizuri, na saa 2 za usiku kifua kinambana, bega la kushoto linakufa ganzi, jasho jembamba linamtoka. Mkewe anasema ni gesi, futari ilikuwa na mihogo mingi. Anapewa maji ya tangawizi, kisha dawa ya kiungulia, na kweli anasikia nafuu kidogo. (Nafuu baada ya dawa ya tumbo haithibitishi kwamba tatizo ni tumbo. Madaktari wengi wamefundishwa hivyo, na wengi tumesahau kumwambia mgonjwa.) Saa 4 maumivu yanarudi. Mwanawe anatafuta gari. Saa 4 na nusu wako hospitali. "Mzee, tumbo linakuuma?" Anaonesha katikati ya kifua kwa ngumi iliyofumbwa. ECG inafanywa mara moja, haisemi kitu. Kadi ya troponini inasoma hasi, na ni lazima isome hasi, kwa kuwa ni saa mbili na nusu tu zimepita. Anapewa dawa za vidonda vya tumbo, anarudi Konde. Saa 8 za usiku, saa sita tangu mshipa uzibe, watu wa nyumbani wanapoanza kujiandaa kwa daku, sehemu kubwa ya ukuta ule imekwisha. Akipimwa sasa, kadi itasoma chanya bila shaka yoyote. Akifa sasa, hadubini nayo itaanza kuona.

Hakuna aliyefanya uzembe katika hadithi hii, na hilo ndilo linalonisumbua. Kila mmoja alifanya kitu kinachoonekana cha busara kwa saa yake. Kilichokosekana ni agizo la kumbakisha mzee kitandani, kumpa aspirini atafune, na kurudia vipimo viwili hivyo hadi saa ya 6 ipite.

Na huyo ndiye mgonjwa mwepesi, mwanamume mwenye ngumi kifuani. Bibi mwenye kisukari cha miaka 15 huenda asilalamike kifua hata kidogo. Atatapika, atatokwa na jasho, pumzi zitakuwa fupi, atasema mwili umemchoka. Mjukuu atasema bibi leo kazidi uzee. Neva zilizoharibiwa na sukari hazipeleki habari. Kwa watu kama hao ningependa ECG iwe ya lazima kwa kila uchovu wa ghafla usioelezeka, na najua baadhi ya wauguzi wa zamu watanichukia kwa sentensi hii.

Je, tatizo hili ni kubwa kiasi gani kwetu? Mfano wa karibu ninaoutegemea ni wa Moshi, ambako watafiti waliwafanyia ECG na troponini watu wazima waliofika chumba cha dharura wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Zaidi ya mmoja katika kila watano alitimiza vigezo vya shambulio la moyo, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa hivyo na waliowahudumia. Moshi si Chake Chake. Ila presha, sukari na sigara havikuishia Kilimanjaro, na uchunguzi mkubwa wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliohusisha nchi 52 zikiwamo za Afrika, ulionesha kwamba vichocheo ni vile vile duniani kote.

Sasa tuje kwenye bahari. Mazungumzo yetu kuhusu ugonjwa wa moyo karibu yote huishia Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Ni taasisi ya kujivunia, na mgonjwa akifika kwa wakati mishipa yake inaweza kuzibuliwa kwa waya na puto. Neno zito hapo ni wakati. Boti ya kasi peke yake, kutoka bandari ya Malindi, Unguja, hadi Dar, ni kama saa mbili, na hiyo ni mchana, bahari ikiwa shwari, tena bila kuhesabu njia ya kutoka Makunduchi au Nungwi. Kwa mtu wa Pemba kuna bahari mbili. Miongozo ya matibabu inasema wazi: ikiwa ECG imeonesha mshipa umeziba kabisa, na mgonjwa hawezi kufika penye huduma ya kuzibua ndani ya dakika 120 tangu atambuliwe, apewe dawa ya kuyeyusha bonge pale pale alipo, kisha ndipo asafirishwe. Hivyo ndivyo wanavyofanya hata nchi tajiri zenye vijiji vya mbali. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, karibu Pemba yote na sehemu kubwa ya Unguja ni eneo la dawa kwanza, boti baadaye.

Dawa zenyewe hazikutoka jana. Uchunguzi wa ISIS-2 wa mwaka 1988 uliwahusisha wagonjwa 17,187. Aspirini peke yake ilipunguza vifo vya wiki 5 kwa asilimia 23, streptokinasi, dawa ya kuyeyusha bonge, peke yake kwa asilimia 25, na zote mbili kwa asilimia 42. Aspirini ya kutafuna ni ya bei ya peremende. Streptokinasi na ndugu yake mpya, tenekteplasi, ni ghali zaidi, lakini gharama ya kumlea mtu mwenye moyo uliochoka kwa miaka 10, anayevimba miguu na kulazwa kila baada ya miezi michache, hatuiandiki popote, ndiyo maana inaonekana kama haipo.

Pingamizi lipo na ni la haki. Dawa ya kuyeyusha bonge huyeyusha damu popote ilipoganda, na karibu mgonjwa mmoja kati ya 100 anaweza kuvuja damu kichwani. Akipewa mtu ambaye mshipa wake mkuu umechanika, na si wa moyo ulioziba, itamuua. Kwa hiyo hoja ya kutongoja uhakika haimaanishi kumtundikia kila mwenye kiungulia. Mwenye mstari wa ST uliopanda na maumivu yanayofanana nao, asingoje troponini: pale pale kitandani aulizwe maswali ya kuvuja damu, apimwe presha mikono yote miwili, atundikiwe. Mwenye ECG isiyo na mpando huo hapewi dawa ya kuyeyusha hata troponini ikipanda. Huyo anapewa aspirini na dawa nyengine, analazwa, anarudiwa vipimo. Haya yanaandikika kwenye ukurasa mmoja na yanafundishika kwa ofisa tabibu. Hayahitaji daktari bingwa awe amesimama Micheweni usiku wa manane. Yanahitaji awe kwenye simu, akitazama picha ya karatasi ya ECG iliyotumwa.

Vifo vingine vitatupita hata tukiyafanya yote. Katika saa ya kwanza moyo hufa zaidi kwa umeme uliovurugika kuliko kwa msuli uliokufa, na asiyekuwa karibu na mashine ya kuushtua moyo hana mengi ya kufanyiwa. Sioni mashine hizo zikifika kila shehia. Naziona zikiwezekana kwenye gari za wagonjwa, bandarini na kwenye boti.

Kuhusu takwimu, sidhani kama tuna haja ya kugombana na familia juu ya kupasua maiti, na nimekwisha eleza kwamba kupasua kwenyewe mara nyingi kusingetuambia kitu. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa kuwahoji ndugu wa marehemu kwa maswali yaliyopangwa ili kukadiria sababu ya kifo. Sheha anayeandika kifo anaweza kufundishwa kuuliza manne tu: kifua, pumzi, jasho, na muda uliopita tangu kuanza hadi kufa. Hospitalini, daftari la chumba cha dharura liongezewe safu moja, saa maumivu yalipoanza, karibu na safu ya saa aliyofika. Tofauti ya safu hizo mbili, ikijumlishwa kwa mwaka mmoja, ingetuonesha muda unapotea wapi: nyumbani tukinywa tangawizi, barabarani tukingoja gari, au mapokezi.

Tumezindua majengo mengi ya afya miaka ya karibuni, hospitali za wilaya na ile ya mkoa ya Lumumba, na mimi ni miongoni mwa waliofurahi. Kitu ninachokiomba sasa hakina utepe wa kukata. Ni karatasi iliyobandikwa ukutani kwenye kila chumba cha dharura, Wete, Micheweni, Chake Chake, Mkoani, Kivunge, Makunduchi, yenye mambo mawili: saa za kurudia ECG na troponini, na namba ya simu ya daktari wa Mnazi Mmoja anayepokea picha za ECG usiku huo.